Kioo kidogo kinafanya kazi, kikubwa kinagoma: kutafuta hitilafu unapokuza seli za jua za perovskaiti Nyanda za Juu Kusini

Kwenye kioo cha sentimita mbili kwa mbili perovskaiti, fuwele inayofyonza mwanga wa jua, haina shida. Unadondosha wino, yaani chumvi zake zilizoyeyushwa, mashine inazunguka, unaoka kwa nyuzi 100 dakika kumi, utando unatoka mweusi na unang'aa. Chukua kioo cha sentimita kumi kwa kumi uone. Madoa, michirizi, shoti, volti pungufu. Hapo wengi hukimbilia kemia: wanabadilisha chumvi, wanaongeza kiambato, wanaagiza kopo jipya la iodidi ya risasi na kusubiri wiki kadhaa lifike Mbeya. Mara nyingi kemia haina kosa. Wino ni uleule uliofanya vizuri kwenye kioo kidogo. Kilichobadilika ni namna unavyokauka, na namna kioo kilivyogawanywa. Kwa sisi wa Mbeya, Iringa na Njombe kuna jambo la tatu: hewa yetu si ile iliyokuwepo pale resipe ilipoandikwa.

Pengo hili linawasumbua hata wakubwa. Mwaka 2009 kundi la Tsutomu Miyasaka huko Japani lilitangaza seli ya perovskaiti yenye ufanisi wa asilimia 3.8. Leo seli ndogo za maabara zimevuka 26, na zile pacha, perovskaiti juu ya silikoni, zimevuka 34. Lakini paneli pacha ambazo Oxford PV ilianza kusafirisha kwenda Marekani mwaka 2024 zilikuwa na asilimia 24.5. Hiyo ni kampuni yenye kiwanda kizima Ujerumani. Kwa hiyo ukipoteza robo ya ufanisi unapotoka kipande kwenda kioo kipana, usijilaumu, tafuta tu imepotelea wapi.

Pampu ya vakyumu "haifiki"

Naanza na hili kwa sababu limewatoa watu fedha bure. Resipe inasema: baada ya kupaka, weka kioo kwenye chemba, vuta hadi geji isome −0.09 MPa, utando utageuka kahawia. Unavuta, geji inakwama kwenye −0.08 na kidogo. Unabadilisha oili, unabadilisha mpira wa mfuniko, hakuna kitu.

"Fundi, hii pampu imechoka."

"Haijachoka, mdogo wangu. Hewa yenyewe imeishia hapo."

Mji wa Mbeya uko kwenye mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Kanieneo ya hewa hapa ni kama hPa 825, yaani MPa 0.0825, wakati Dar es Salaam ni kama 1,013. Geji nyingi za bei nafuu hupima tofauti kati ya ndani ya chemba na nje, hivyo haziwezi kusoma zaidi ya hewa iliyopo nje. Kwetu mwisho wake ni −0.082 hivi, hata pampu ingekuwa mpya kutoka dukani. Njombe, ambako ni juu zaidi, utasoma pungufu ya hapo.

Hatari kubwa iko kwa yule ambaye resipe yake inasema −0.07 na pampu yake inafika. Anadhani yuko sawa. Pwani, −0.07 inabakiza ndani hPa 313. Mbeya, namba hiyohiyo inabakiza 125 tu. Kiyeyushi kinatoka kwa kishindo, utando unapasuka au unatoboka matundu madogo, naye anahangaika na wino. Dawa ni geji ya kanieneo kamili, ile inayoanza kuhesabu kutoka sifuri halisi. Usipokuwa nayo, toa hesabu: kanieneo ya hapo ulipo, kasoro ile ya kwenye geji, ndiyo iliyobaki ndani.

Mashine ya kubandika kioo juu ya kioo kwa vakyumu nayo hutegemea uzito wa hewa ya nje kukandamiza. Kwetu inakandamiza kwa nguvu ya takriban asilimia 81 ya ile ya pwani. Mapovu ya hewa yakibaki pembeni, ongeza muda wa kukandamiza kabla ya kuongeza joto.

DMSO imeganda, au wino una punje

Mwezi wa sita asubuhi unakuta chupa ya DMSO, kiyeyushi cha wino, imekuwa kama barafu. Haijaharibika. DMSO safi huganda kwenye nyuzi 18.5, na chumba kisicho na joto Uyole au Makambako kinashuka chini ya hapo bila shida. Iyeyushe taratibu kwenye maji ya uvuguvugu, chupa ikiwa imefungwa, kisha itikise kabla ya kupima. Ukinyonya sehemu iliyoyeyuka tu na kuacha barafu, maji na uchafu wote uko kwenye hiyo uliyonyonya.

Wino uliochanganywa hauwahi kuganda kama DMSO tupu, ila baridi huweza kuangusha punje. Upashe kwa nyuzi 60 huku ukikoroga, uchuje kwa kichujio cha mikromita 0.2, na kioo chenyewe kiwe na joto la kudumu kabla ya kupaka. Kioo cha nyuzi 14 na wino wa nyuzi 40 haviwezi kukupa unene mmoja.

Utando una michirizi, mawimbi au kingo nene

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo nitakaa.

Mashine ya kuzungusha haiendi na kioo kikubwa: wino mwingi hurushwa nje na unene hutofautiana kati ya katikati na pembeni. Kwa hiyo tunahamia kwenye kisu cha kupakia, ubao wa chuma au kioo unaoburuta tone la wino juu ya kioo kwa umbali wa mikromita mia moja au mia mbili. Wenye uwezo hutumia kichwa chenye mdomo mwembamba unaotoa wino kwa pampu. Hitilafu zao zinafanana.

Tazama kwanza mwelekeo wa mchirizi. Ukifuata njia ya kisu, moja kwa moja kutoka mwanzo hadi mwisho, kuna punje imekwama kwenye ukingo wa kisu au ukingo umemeguka. Futa, chuja wino, pitisha ukucha kwenye ukingo. Michirizi ikikata njia ya kisu, kitu kinatetemeka: mkanda umelegea, meza inacheza, au kioo hakijashikwa vizuri kwenye kitako chake cha kunyonya, ambacho nacho huku kwetu kinashika kwa nguvu pungufu.

Unene ukikataa kukutii, kuna mtego wa kasi. Kisu kikienda polepole sana, utando hukauka palepale kwenye mdomo wa tone, na ukiongeza kasi utando unakuwa mwembamba. Kisu kikienda haraka, kinaacha nyuma yake utando wa majimaji, na hapo ukiongeza kasi unakuwa mnene. Kati ya hali hizo mbili kuna bonde, na mtu anayefanya kazi bondeni bila kujua hupata majibu yanayopingana: jana aliongeza kasi ukapungua, leo ameongeza ukazidi. Paka vioo kadhaa kwa kasi tofauti sana, chora grafu, ujue uko upande gani. Kwa uzalishaji mimi nachagua upande wa haraka. Upande wa polepole unatawaliwa na ukaukaji, na ukaukaji kwetu hubadilika kati ya asubuhi na saa nane mchana.

Kingo nene zenye katikati nyembamba ni lile duara linaloachwa na chai iliyomwagika mezani: ukingo hukauka kwanza, majimaji ya katikati hukimbilia huko yakibeba chumvi. Sentimita moja ya kila upande ihesabu kama hasara, pamoja na sentimita ya mwanzo ambapo tone lilitulia. Wanaopanga kioo cha sentimita kumi kama vile chote kitatumika hujidanganya.

Wino ukijikusanya visiwavisiwa, kioo hakipokei. Ama sabuni haikutoka, ama ulisuuza kwa maji ya bomba badala ya maji yaliyotoneshwa, ama ulisafisha kwa taa ya UV na ozoni asubuhi ukapaka jioni. Paka ndani ya nusu saa.

Utando una ukungu, haung'ai

Ukiushika kwenye mwanga unaona rangi ya kijivu na nyuzinyuzi kama sindano. Fuwele zilianza chache, zikakua kubwa, zikaacha nafasi kati yake. Unachotaka ni fuwele nyingi zizaliwe kwa pamoja, na hilo linataka kiyeyushi kiondolewe ghafla, utando ukiwa bado majimaji.

Kwenye kioo kidogo tone la klorobenzini lilifanya kazi hiyo kwa sekunde moja. Kwenye kioo kikubwa haliwezi, kwa sababu upande ulipoanza kupakwa umezeeka kabla upande wa mwisho haujapakwa. Kisu cha hewa hutibu hilo: mdomo mrefu unaopuliza hewa kavu au naitrojeni, uliofungwa nyuma ya kisu cha kupakia kwa umbali usiobadilika, ili kila sehemu ya utando ipulizwe ikiwa na umri uleule. Kikiwa mbali mno unapata ukungu. Kikiwa karibu mno, au kikipuliza kwa nguvu mno, kinasukuma majimaji na kuacha mawimbi.

Nafasi kati ya "mapema mno" na "umechelewa" ni sekunde chache, na huku juu ni fupi kuliko kwenye resipe, maana hewa nyepesi huchukua mvuke wa kiyeyushi haraka zaidi kwa joto lilelile. Anza na muda mfupi kuliko ulioandikwa. Ikishindikana, ongeza sehemu ya DMSO kwenye wino, au tia NMP, kiyeyushi kingine, kidogo. Hivi viwili hushikamana na iodidi ya risasi na kukununulia muda.

Halafu unyevu. Watu huandika daftarini "unyevu asilimia 50" na kufunga mjadala. Hewa ya nyuzi 20 yenye unyevu wa asilimia 50 ina maji gramu 8.6 kwa mita ya ujazo. Ya nyuzi 30, asilimia hiyohiyo, ina gramu 15. Chumba cha Mbeya cha Julai na cha Dar vinaweza kusoma sawa huku kimoja kikiwa na maji karibu mara mbili ya kingine. Andika joto pamoja na asilimia, siku zote. Kati ya Novemba na Aprili, mvua ikiwa inanyesha, chumba kisicho na mashine ya kukausha hewa hakifai kwa kupaka. Panga kazi za kusafisha, kuchonga na kupima kwa miezi hiyo kama huna njia nyingine. Kiangazi nacho kina lake, vumbi. Punje moja ya vumbi jekundu ni tundu moja, na tundu moja ni shoti.

Utando ni wa njano, wote au mabaka

Kuna njano mbili. Wino wenye formamidini, mojawapo ya chumvi za kikaboni, unaweza kubaki kwenye umbo lake la njano, lisilofyonza mwanga inavyotakiwa, kwa sababu haukupata joto la kutosha au umenyonya unyevu. Njano ya pili ni iodidi ya risasi iliyobaki baada ya sehemu ya kikaboni kuruka kwa kuokwa kupita kiasi. Jinsi ya kuzitenganisha: rudisha kioo kwenye nyuzi 150 kwa dakika chache. Kikigeuka cheusi, ilikuwa ya kwanza. Kikibaki njano, ni ya pili na hakuna cha kuokoa.

Mabaka mara nyingi ni ya sahani ya moto. Namba inayosomeka kwenye sahani si joto la juu ya kioo, hasa kioo kinene cha milimita tatu ambacho kingo zake zimeinuka kidogo. Bandika kipimajoto cha waya juu ya kioo chenyewe, katikati na kwenye pembe, utashangaa. Na kwa kuwa umeme hukatika, weka chini ya kioo bamba nene la alumini. Bamba lina faida mbili: linasawazisha joto, na umeme ukikatika linaendelea kuoka kwa muda. Ni rahisi kuliko UPS ya kubeba sahani ya kilowati moja.

Utando mzuri, volti pungufu

Kioo kikubwa hakiwi seli moja. Kinachongwa kuwa mikanda iliyounganishwa kwa mfululizo, na uchongaji ni wa mara tatu: P1 hukata tabaka la mbele linalopitisha umeme, P2 hukata perovskaiti na tabaka zake ili nyuma ya mkanda mmoja iguse mbele ya unaofuata, P3 hukata elektrodi ya nyuma.

Kila mkanda hutoa kama volti moja. Mikanda kumi, volti kumi hivi. Ukisoma nane, usitazame wino kwanza. Weka kioo juani, chukua mita ya kawaida, pima mkanda mmoja mmoja. Mkanda unaosoma karibu sifuri umepata shoti, na chanzo chake ni kimoja kati ya vitatu. P1 haikukata hadi chini: mbele ya mkanda huo imeungana na ya jirani anayefuata. P3 haikukata: nyuma yake imeungana na ya jirani aliyetangulia. Au kuna tundu kwenye utando na elektrodi imezama ndani. P1 ndiyo rahisi kuzuia. Kabla hujapaka chochote, weka ncha mbili za mita pande zote mbili za mstari. Usiposoma maelfu kwa maelfu ya omu, rudia kuchonga. Anayekata kwa unga wa zinki na asidi badala ya leza aikague kwa makini zaidi, maana asidi hupenya chini ya tepu na kuacha visiwa.

Volti ikiwa kamili lakini kigezo cha ujazo, kile ambacho mashine huandika FF na kinachoonyesha ni kiasi gani cha volti na mkondo kinakuwa nguvu ya kutumika, kimeanguka, P2 ndiyo mshukiwa. Utando umebaki kwenye mfereji, elektrodi ya nyuma haigusi kioo sawasawa. Chungulia kwa hadubini, ukiona rangi mferejini hujamaliza kazi.

P2 ikiwa safi, pima upana wa mkanda. Tabaka la FTO, lile la mbele linalopitisha umeme, lina ukinzani, na hasara yake hukua kwa mraba wa upana. Chukua FTO ya omu 10 kwa mraba, mkondo wa milliampia 20 kwa sentimita ya mraba, volti 0.9. Mkanda wa nusu sentimita unapoteza chini ya asilimia 2 ya nishati yake. Wa sentimita moja, zaidi ya 7. Wa sentimita mbili, karibu 30. Ndiyo maana mikanda hufanywa ya milimita tano hivi. Asiye na leza hukata mifereji mipana, na kila mfereji ni eneo lisilozalisha, kwa hiyo huvutwa kufanya mikanda mipana. Avumilie kupoteza eneo kidogo kuliko kwenda kwenye sentimita mbili.

Jumatatu ilikuwa asilimia 12, Ijumaa sifuri

Elektrodi ya fedha ikiwa imebadilika rangi, iodidi imeifikia na kuila. Tabaka la kati lina mashimo au unyevu umeingia. Weusi ukirudi njano kuanzia pembeni kuelekea katikati, muhuri wa pembeni umeachia: tumia mpira wa butili kuzunguka kioo chote, na upana wake usipungue sentimita moja. Njano ikianzia katikati, ubandikaji wenyewe umeuunguza utando. EVA, plastiki ya kubandikia ya paneli za kawaida, hutaka joto la nyuzi 140 na zaidi na hutoa asidi ya siki. Plastiki za poliolefini zinafaa zaidi.

Jua letu lina UV kali kuliko ya pwani, na titani oksaidi chini ya UV huchochea perovskaiti kuoza. Seli zinazotumia titani zikifa nje lakini zinaishi chini ya taa ya ndani, weka karatasi ya kuzuia UV mbele uone.

Maoni yangu: kwa karakana ya hapa, njia ya kaboni ndiyo ya kuanza nayo. Unachapisha oksaidi ya titani, oksaidi ya zirkoni na kaboni kwa skrini, ileile ya fremu na wavu wanayotumia wachapaji wa fulana, unachoma tanurini, kisha unadondosha wino ushuke kupitia kaboni. Hakuna dhahabu, hakuna chemba ya vakyumu, na kaboni yenyewe ni kinga dhidi ya unyevu. Ufanisi uko chini ya rekodi. Hitilafu yake kubwa huonekana ukigeuza kioo: mabaka meupe maana yake wino haukushuka, punguza wepesi wa kukauka na upe muda kabla ya kuoka.

Ufanisi ni mzuri kupita kiasi

Umepima saa sita mchana, ukadhani jua ni wati 1,000 kwa mita ya mraba. Siku angavu ya nyanda za juu, wingu jeupe likiwa karibu na jua, huvuka hapo. Pima kwa seli ya rejea iliyolala pembeni mwa yako, kwa mteremko uleule. Funika kwa karatasi nyeusi yenye dirisha la eneo unalolijua. Soma mara mbili, volti ikipanda na ikishuka. Majibu yakipishana, ayoni zinatembea ndani ya utando, na namba ya kuandika ni nguvu inayotulia baada ya dakika kadhaa za mzigo, wala si ile ya juu kati ya mbili.

Mabaki

Utando wa nanomita 500 una risasi chini ya gramu moja kwa mita ya mraba. Kwenye chupa zako za wino ni nyingi kuliko hapo. DMF, kiyeyushi kingine cha wino, hupenya glavu nyembamba za mpira na hubeba risasi pamoja nayo, kwa hiyo glavu ikilowa ivue palepale, na kupaka kufanyike kwenye kabati linalovuta moshi nje. Hakuna tone linaloenda kwenye sinki. Vitambaa, ncha za pipeti, vioo vilivyoharibika na maji ya kusuuzia viende kwenye chombo chenye mfuniko na lebo, na kabla hujaagiza kemikali kwa kilo uliza utaratibu wa usajili kwenye Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Ina kanda ya Nyanda za Juu Kusini.